Anayenong'ona Chini ya Jukwaa

Rauhala, Michigan
Agosti 1986

Kaka yangu mpendwa Veikko,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako Saima. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na yule binti yenu ambaye mimi shangazi yake namjua kwa picha tu. Mgongo wako vipi? Umepoa tangu uache kazi ya magogo? Huku hatujambo. Mvua ya mwaka huu imenyesha vizuri, matunda ya msituni yamejaa hadi kando ya barabara, na vidole vyangu vimekuwa vya zambarau wiki nzima. Basi langu la shule limelala gereji hadi shule zifunguliwe, nami nimelala kidogo pia.

Katika kadi yako ya Krismasi uliniomba nikuandikie habari za kila mtu na kila kitu, ila nisikuandikie habari za Baba. Nimekutii. Tangu hapo umepata habari za paka, za theluji, za talaka ya watu usiowajua. Leo nimeona nikuandikie habari za Ukumbi wetu, jinsi ulivyonusurika mwaka huu. Shida ni kwamba Ukumbi na Baba ni chungu na masizi, ukishika kimoja kingine kinakuchafua. Kwa hiyo nivumilie. Kila utakapoona nimemtaja mzee, jua namtaja mnong'onezi wa Ukumbi. Huyo hukunikataza.

Najua utamsomea mkeo, naye hajawahi kufika huku, kwa hiyo acha nimweleze kidogo. Shemeji, Ukumbi huu waliujenga wachimba shaba, babu zetu waliotoka Ufini. Walipenda michezo ya kuigiza kupita kiasi, lakini walikuwa wakitoka shimoni jioni wamechoka hoi, hawana nguvu ya kukariri chochote. Basi wakachimba kisanduku mbele ya jukwaa, wakakifunika kwa ubao, humo akaketi mtu mmoja anayewanong'onezea wachezaji kila neno kabla hawajalisema. Siku hizi michezo yetu mingi ni ya Kiingereza na watu hukariri. Ila mchezo wa Juhannus, katikati ya kiangazi, bado ni wa Kifini, na katika wachezaji hakuna hata mmoja anayejua Kifini. Sisi tulichapwa shuleni kwa kukisema, wazazi wakaona heri watunyamazishe. Tumebaki na majina ya vyakula na matusi mawili matatu. Kwa hiyo kila mwaka watu wazima na akili zao husimama jukwaani wakarudia milio inayotoka chini ya miguu yao, na watu wengine wazima huketi kuwasikiliza, nao pia hawaelewi. Kitabu chenyewe cha mchezo kililiwa na ukungu mwaka ule paa lilipovuja, sisi tukiwa wadogo. Hakuna aliyejali, maana mnong'onezi alikuwa nao wote kichwani. Mnong'onezi huyo ni mzee wetu, Urho.

Sasa mambo yalianza vuli ya mwaka jana, sauti yake ilipoanza kukwaruza. Kwanza tukadhani ni mafua. Siku aliyotoka kwa daktari alivua buti, akala viazi vyake, kisha akaniambia kwamba daktari yule ana mikono ya baridi. Hayo ndiyo yote niliyoambiwa mimi ninayekaa naye nyumba moja. Habari kamili niliipata kwa Martta Ojala, aliyeipata kwa muuguzi, ambaye ni binamu yake. Koo lilikuwa na uvimbe. Ungetolewa, lakini sauti isingerudi ilivyokuwa.

Martta, unamkumbuka, alitufundisha hesabu. Sasa ni mwenyekiti wa Ukumbi na anautawala vilevile alivyolitawala darasa. Aliitisha mkutano baada ya mauzo ya pai za nyama, akasema bila kuzunguka kwamba mchezo wa Juhannus umefika mwisho wake na mahali pake tuweke mchezo wa nyimbo na ngoma, wa Kiingereza. "Jamani, tuseme ukweli," alisema. "Tunawaita watu wakae wasikilize wasichokielewa, kinachosemwa na watu wasiokielewa." Bi Impi Lehto, ambaye ana miaka zaidi ya tisini na hakosi kiti cha mbele, akamuuliza kwani kanisani huwa wanaelewa. Watu wakacheka, lakini Martta hakucheka.

Kisha akasimama Onni muuza nyama. Onni ndiye anayeigiza mzee katika mchezo, yule mwenye kofia ya manyoya. Alisema yeye bila kusema maneno yake mwaka hauishi vizuri, hata nyama haikatiki. Martta akamuuliza maneno hayo maana yake nini. "Sijui, mwalimu, na wala sitaki kujua," akajibu. "Yananikaa vizuri mdomoni, basi." Waliposhindana hadi kahawa ikaisha, ikaamuliwa kwamba akipatikana mtu wa kuurithi mchezo wote kutoka kwa Urho kabla sauti yake haijazimika, mchezo utaendelea. Asipopatikana, utakufa naye. Martta alisema kufa naye, kisha akaona aibu. Mzee alikuwa ameketi pale pale karibu na jiko, akitazama viatu vyake.

Nikanyoosha mkono. Usidhani ni ushujaa. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema pua yangu ilizaliwa kabla yangu, nawe unajua. Tangu utoto nimekuwa nikikaa kwenye ule Ukumbi nikijiuliza watu hawa wanasemezana nini. Na asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Niliona nikiingia kisandukuni, nitajua.

Basi majira yote ya baridi, kila Jumamosi kabla ya kuwasha moto wa sauna na kuoga mvuke, tulikuwa tunakwenda Ukumbini sisi wawili. Kwanza tunapanda kukwangua theluji paani, maana Ukumbi ule ukiuacha wiki mbili unalia kama punda aliyezidishiwa mzigo. Kisha tunawasha jiko na kuingia kisandukuni. Yeye anasema mstari, mimi narudia. Akitikisa kichwa, narudia tena. Nilijifunza kama kasuku, kaka, kwa sauti tupu. Nilipomuuliza maana, alinijibu kwamba kazi ya mnong'onezi ni kulitoa neno, si kulitafuna. Nilipomuuliza kwa hila, kwa mfano kama pale nipandishe sauti kwa hasira au kwa furaha, alisema mnong'onezi hana hasira wala furaha, ana pumzi.

Nikaenda kuuliza mitaani. Ningekuwa na akili ningeyaandika majibu, maana hakuna mawili yaliyofanana. Mchungaji anaamini ni mchezo wa kuonya watu juu ya pombe, kwa sababu babake alimwambia waasisi wa Ukumbi hawakunywa. Martta anasema ni wa ndoa. Onni, pamoja na kutotaka kujua, anaapa kwamba yeye ni bahili aliyeibiwa ng'ombe, kwa sababu sehemu ya kwanza anapewa kamba mkononi. Nikaona bora niende kwa Bi Impi, aliyebaki peke yake mjini kwa kukijua Kifini sawasawa ukimtoa mzee wetu. Alinikaribisha kahawa na mkate wa iliki, akanisikiliza vizuri, kisha akaniambia masikio yake yamezeeka, siku hizi Ukumbini husikia mlio tu. Nikamuuliza mbona hucheka wa kwanza. Akanikatia kipande kingine cha mkate.

Jambo moja lilinishangaza kuliko yote. Sehemu ya tatu ni fupi. Onni anasimama peke yake mlangoni, anasema maneno yake, na pazia linafungwa. Kila tulipofika kwenye mstari wa mwisho, mzee alikuwa ananishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, ananizuia nisitoe ishara ya pazia. Tunakaa hivyo kimya, muda mrefu hata mguu unaingia ganzi, ndipo ananiachia. Nilifikiri anapisha kicheko, maana pale ndipo Ukumbi mzima hucheka. Si unajua, mle ndani limo neno sauna, neno pekee ambalo kila mtu analijua, na watu wakilisikia katikati ya yale yasiyoeleweka wanafurahi kama waliokutana na jirani ugenini. Onni naye akiona hivyo huizungusha kofia yake. Nikamwambia mzee kwa utani kwamba watu watacheka tu, hawahitaji kungojwa.

Theluji ilipoanza kuyeyuka akapasuliwa koo. Alirudi na sauti ya tupa kwenye bati. Akisema maneno matano anapumzika, kwa hiyo akawa ananisahihisha kwa kugonga penseli. Nami nikawa nafanya mazoezi popote, hata kwenye basi. Watoto wa viti vya nyuma wakayashika maneno, wakawa wanayaimba kwa sauti, mpaka mama mmoja akanipigia simu kuuliza kama ninawafundisha wanawe matusi. Nikamwambia hata mimi sina hakika.

Mazoezi ya mwisho yalikuwa aibu. Nilirukaruka mistari, na kwa kuwa wachezaji husema chochote wanachopewa, mke wa Onni katika mchezo akajikuta anasema maneno ya mchungaji wa mchezoni, na mchungaji akasema ya mke. Hakuna aliyegundua isipokuwa mzee, aliyegonga penseli hadi ikavunjika. Onni akainama mbele ya kisanduku akanambia, "Dada, unanipa maneno kama unakula viazi vya moto. Nipe taratibu, nami nina roho." Martta alikuwa amesimama nyuma amekunja mikono. Nilijua vitabu vya ule mchezo wa nyimbo alikwisha kuviagiza. Siku hiyo ndipo nilipoogopa. Niliona kwamba nikivuruga siku yenyewe, yote aliyoyabeba mzee kichwani miaka hii yataishia kwangu, na hata sitajua nimepoteza nini.

Siku ya Juhannus ikafika. Mchana wake tulipamba milango kwa matawi kama kawaida, mbu wakatula kama kawaida, Ukumbi ukajaa. Mzee alijibana nami kisandukuni, jambo lisiloruhusiwa, bega kwa bega. Alinukia dawa na sabuni ya lami. Mnong'onezi huwapa watazamaji kisogo, kaka, hawaoni, anawasikia tu. Onni akatoa mguu wake, akagonga ubao mara moja kama anayebisha hodi, na nikaanza. Sijui niseme nini. Yalitoka. Mstari baada ya mstari yalitoka, na juu yangu watu wakayachukua wakayapaza, na nyuma yangu wengine wakakohoa na kucheka. Nilipoteleza mara moja tu, mzee alinipulizia neno sikioni kwa ile sauti ya bati, nikaendelea. Sehemu ya tatu nikampa Onni maneno yake taratibu kama alivyoomba. Alipofika kwenye sauna, nikasikia Bi Impi akicheka wa kwanza, kisha Ukumbi wote ukaripuka. Mzee akanishika mkono. Tukangoja. Safari hii nilimwangalia. Midomo yake ilikuwa inasogea bila sauti.

Pazia lilipofungwa Onni alininyanyua kutoka shimoni kama gunia. Hata Martta alinikumbatia, akasema vitabu vya nyimbo vinaweza kusubiri. Mchezo umepona, kaka. Mwaka ujao upo.

Ningeishia hapa ingekuwa barua nzuri. Lakini kwenye meza ya kahawa alinijia mgeni, mwanamke wa makamo aitwaye Sirkka, binamu ya Martta aliyetoka Ufini siku chache kabla. Macho yalikuwa mekundu. Aliniuliza kwa upole, kwa Kiingereza cha kuokoteza, kama desturi yetu huku ni kucheka mahali pa kulia. Sikumwelewa. Akasema sehemu mbili za kwanza ni kichekesho cha zamani ambacho hata bibi yake alikijua. Bahili anamshtaki jirani kwa kumwibia ng'ombe, kumbe ng'ombe yumo zizini mwake. Onni alipatia, na nikimwambia hatatuacha tupumue. Kichekesho hicho huishia kwa mzee kufunga mlango kwa hasira na watu kucheka. "Sasa nani amewaongezea hii sehemu ya tatu?" akaniuliza. Nikamwambia haijaongezwa, ipo siku zote. Akanitazama. Nikamwomba anitafsirie maneno ambayo nilikuwa nimeyasema mwenyewe nusu saa iliyopita. Akanitafsiria polepole, na mimi nimeyashika kuliko yote niliyokariri mwaka huu.

Mzee anasimama mlangoni, anasema: Nimewasha sauna. Maji yapo, na taulo lako lipo mahali pake. Siku ile mlangoni hapa nilisema neno kubwa kuliko mdomo wangu, na tangu siku hiyo mdomo haujafunguka. Nilidhani nalinda jina letu. Wewe ulilinda roho za watu ambao hukuwajua, na mimi nikakuita mwoga. Maji uliyovuka si mapana. Mwanangu, utaingia?

Kisha kimya. Sirkka alisema alingoja mwana ajibu, akashangaa kuona nafasi ya mwana haina mchezaji.

Nilimwacha na kikombe mkononi nikaenda kwa Bi Impi, akiwa bado kwenye kiti chake cha mbele. Sikumuuliza kwa hila tena. Nilimuuliza sehemu ya tatu iliingia mwaka gani. Akanambia nimpe mkono, akanikalisha. Ilikuja, alisema, kiangazi kile baada ya wewe kukataa barua ya jeshi ya kukuita vitani ukavuka kwenda Kanada. Mwaka wa kwanza ilikuwa mstari mmoja tu, ule wa sauna. Mingine imeongezeka mwaka hadi mwaka. Wazee wote waliojua lugha walielewa tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyemwambia mwenzake, wala aliyemwambia Urho mwenyewe. Wamekufa nayo mmoja mmoja. Nikamuuliza kwa nini basi hucheka. "Wee mtoto," akasema, "mwanamume analia mbele ya mji mzima, na mji haujui. Nisipocheka mimi, si wangeuliza?"

Kaka, nililia pale pale, mkate ukiwa mdomoni. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nimeishi ndani ya kimya hicho nikidhani ni chuki. Jina lako halijatajwa mezani kwetu tangu ulipoondoka. Serikali ilipowasamehe nyie mliovuka, nilimsomea gazeti, akainuka akaenda kupasua kuni. Nikasema basi, huyu ana moyo wa jiwe, na nikakuandikia hivyo, na ukaniamini. Kumbe kila kiangazi alikuwa anakuita kwa kinywa cha muuza nyama, katika lugha ambayo wewe mwenyewe ungekuwepo usingeielewa, huku watu wakicheka nyuma ya kisogo chake. Na mwaka huu, sauti yake ilipokwisha, aliniachia mimi. Ni mimi niliyekuita, Veikko. Nimekuita kwa moyo wote, na sikujua.

Sijamwambia kwamba najua. Sijui kama ni busara au ni uoga tu, na wala sijamwambia Onni, maana akijua hataweza tena kuizungusha ile kofia. Lakini jana nilipokuwa natafuta karatasi, mzee aliniuliza namwandikia nani. Nikamjibu wazi kwamba namwandikia Veikko. Nilijua atainuka aende kwenye kuni. Hakuinuka. Alikaa, akaikusanya ile pumzi yake, akauliza kama kifua chako cha utotoni kilipona, au kama hewa ya huko bado inakukohoza.

Swali ni la Baba, si la mnong'onezi. Sina jibu, kwa hiyo nimeiacha nafasi. Mjibu wewe, kwa barua au kwa mguu. Ukija kwa mguu usihangaike na mlango wa mbele, unagoma wakati wa unyevu. Pitia nyuma.

Msalimie sana mkeo na umbusu binti kwa niaba yangu. Onni na Bi Impi wanawasalimu, na Martta anasema bado hujamrudishia rula yake. Mungu awatunze nyote hadi tuonane.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Saima